Nani Mwenye Vyombo?

Wapenzi wa muziki wa dansi wana swali wanaloliuliza mapema kila bendi mpya ikitangazwa: vyombo ni vya nani? Ukishamjua mwenye magitaa, ngoma na spika, umejua mengi. Umejua nani anapanga ukumbi, nani anaweza kumsimamisha mwimbaji, na siku mambo yakiharibika nani atabaki na mali na nani ataondoka na sauti yake tu. Nimelisikia swali hilo tangu utotoni hapa Tabata. Sikutegemea kuja kulisikia likiulizwa kuhusu mtandao wa kijamii.

Ilikuwa mwishoni mwa 2022. Elon Musk alikuwa amekamilisha ununuzi wa Twitter tarehe 27 Oktoba, na watu wengi duniani walikuwa wanafungua akaunti Mastodon. Mimi ni mmoja wa wanachama wa kundi la WhatsApp la wapenzi wa zilipendwa: watu wa Tabata, Segerea, Kinyerezi, wengine Temeke na Kinondoni, na wachache waliohamia nje ya nchi. Vijana wawili wa kundi wakaleta wazo. Kwa nini na sisi tusihame? Kwa nini kumbukumbu zetu zote zikae kwenye kampuni ya Marekani?

Wakaeleza vizuri tu. Mastodon ilianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, Mjerumani aliyekuwa bado kijana mdogo. Haina makao makuu yanayoshika kila kitu. Zipo seva nyingi, kila moja ina mwenyewe na sheria zake, lakini zinaongea lugha moja, kwa hiyo mtu wa seva hii anamfuata na kumjibu mtu wa seva ile, kama vile barua pepe zinavyovuka kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Lugha hiyo, ActivityPub, ilipitishwa rasmi mwaka 2018 na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti. Kundi letu lingeweza kuwa na seva yake, na wapenzi wa taarab wa Tanga wawe na yao, na wa rumba wa Nairobi na yao, na wote tukaonana.

Mzee mmoja, mtu wa Msondo damu damu, akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Wazo zuri, wanangu. Sasa hivyo vyombo vitakuwa vya nani?"

Kukawa kimya. Halafu mtu akatuma wimbo wa Sikinde kumchokoza, na mjadala ukaishia hapo.

Marafiki zangu wanaofanya kazi za teknolojia huwa na maelezo mepesi ya kimya cha namna hiyo: watu wamezoea WhatsApp, wazee hawajui, Watanzania hatupendi mabadiliko. Siamini. Watu wale wale walihama kutoka santuri kwenda kaseti, kaseti kwenda sidii, sidii kwenda simu, na hakuna aliyewasukuma. Nadhani mzee alikuwa anakumbuka jambo ambalo vijana hawakuliishi, nalo lina historia ndefu kuliko intaneti.

Tuanze mbali kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, kwenye pwani ya Kenya, ilizuka ngoma iliyoiga bendi za kijeshi. Ikaitwa beni. Ikashuka hadi miji ya Tanganyika, na Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza zaidi kwa miguu ya askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975. Vyama vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti, na kila mji ulikuwa na matawi yake yenye wafalme wao, majenerali wao, sare zao na mashindano yao ya kufilisiana kwa karamu.

Kinachonivutia ni jinsi matawi hayo yalivyounganika. Mtu wa Marini akihamishwa kikazi kwenda mji asioujua, aliwatafuta Marini wa huko, nao wakampokea. Akiugua aliuguzwa, akifa alizikwa na wenzake. Hakukuwa na mwenye beni mmoja aliyeweza kuifunga nchi nzima kwa siku moja. Kama kuna mtu anadhani mtandao usio na mwenye mmoja ni jambo geni kwetu, babu zake walicheza humo.

Lakini mtandao ule haukuwa wa bure. Tawi lilikuwa na watu waliolibeba: wa kuchangisha, wa kushona sare, wa kwenda kwa bwana shauri kujibu maswali. Maafisa wa kikoloni walivitilia shaka vyama hivi kwa sababu hiyo hiyo ya kuenea na kuandikiana, na walipotaka kuuliza walimtafuta kiongozi wa tawi. Anayejulikana kwa cheo ndiye anayeitwa.

Vilabu vya dansi vya mijini vilirithi mtindo huo. Kuanzia miaka ya 1930, enzi za Dar es Salaam Jazz Band, bendi nyingi zilikuwa vilabu kwa maana halisi: wanachama walichanga, wakanunua vyombo, na vyombo vikawa vya klabu. Ulikuwa muziki wa watu wenye kazi nyingine mchana, makarani, mafundi, wafanyakazi wa bandari. Leo tungesema ni watu wa hobi.

Baada ya Uhuru mambo yakageuka. Mwaka 1964 ikaanzishwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi. Zikafuata bendi za taasisi moja baada ya nyingine: Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Polisi Jazz, na Bima Lee ya Shirika la Bima la Taifa, ambayo sisi wa Tabata Bima hujidai kwamba ni yetu kwa jina. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978, na miaka ya 1980 ikawa mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC.

Kwa nini wanamuziki walikubali? Hesabu yao ilikuwa wazi. Gitaa la umeme na amplifaya vilitoka nje, na fedha za kigeni hazikuwa za mtu wa kawaida. Taasisi ilikupa vyombo, gari na mshahara wa mwezi. Ilikutolea pia mzigo wa vibali na mzigo wa kuitwa kujieleza. Kwa malipo hayo ulikabidhi jambo moja, nalo ni umiliki. Wanamuziki walijua wanachokabidhi. Ndiyo maana mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima alipotaka kuunda International Orchestra Safari Sound, aliweza kuwachota wanamuziki wa Mlimani Park, akiwemo Muhidin Gurumo. Watu walihama, vyombo vya DDC vikabaki DDC.

Tazama pia majina. Bendi ile ya wafanyakazi iliitwa NUTA, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, kadiri chama chenyewe kilivyobadilishwa. Mashabiki hawakuhangaika. Wao walisema Msondo, na jina hilo ndilo lililobaki. Uaminifu wao ulikuwa kwa watu na mtindo wa kupiga, mwenye mali alikuwa akipita tu. Sasa hivi kundi letu linakaa WhatsApp kwa moyo huo huo. Hakuna hata mmoja wetu anayeipenda Meta. Tumepanga tu kwenye nyumba yake.

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili lituume sisi kuliko wapenzi wa vitu vingine. Muziki tunaoupenda haukuhifadhiwa vizuri tangu mwanzo. Bendi zetu zilirekodi nyingi ya kazi zao kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, barabara ya Pugu, kwa ajili ya kurushwa hewani. Santuri zilitengenezwa zaidi Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Nyimbo nyingi za miaka hiyo hazikuwahi kuwa santuri. Zilibaki kwenye kanda za redio, na kwenye kaseti za watu waliokaa karibu na redio, kidole kwenye kitufe cha kurekodi. Ukizisikiliza kaseti hizo leo unamsikia mtangazaji akidakia mwishoni, na wakati mwingine jogoo wa jirani. Nani alipiga solo, nani aliitikia, wimbo ulimlenga nani: majibu hayajaandikwa popote. Yako vichwani mwa watu.

Kwa hiyo blogu zilipokuja, zilikuwa kama mvua. Ndesanjo Macha alikuwa wa mwanzo kabisa kublogu kwa Kiswahili, kwenye blogu yake ya Jikomboe. Mwaka 2005 mpigapicha Issa Michuzi akaanzisha yake. Mwaka 2006 ikaja Jambo Forums, ambayo mwaka 2008 ilibadili jina na kuwa JamiiForums. Upande wa muziki, John Kitime, mpiga gitaa wa Kilimanjaro Band "Wana Njenje", akaanza kuandika habari za wanamuziki wa zamani, mmoja mmoja, na picha zao. Watu wadogo wasio na majina walifungua blogu za mkusanyiko wao: kava za santuri, picha za ukumbi, orodha ya wanamuziki wa bendi ya mkoani kwao. Zilikuwa blogu za bure, zenye sura mbaya na rangi za kuumiza macho, na zilikuwa hazina.

Kipindi hicho ndicho kilichofanana zaidi na vile vilabu vya kuchangishana. Kila mtu na kibanda chake, na linki za vibanda vya wenzake pembeni. Kisha, Machi 2018, zikatoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni: 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 ya kila mwaka, jumla shilingi 2,100,000. Adhabu ya kukiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. JamiiForums ilijifunga kwa muda mwezi Juni. Elsie Eyakuze, mwandishi wa The Mikocheni Report, aliacha kublogu. Hao ni watu wenye majina, na habari zao zilifika hadi magazeti ya nje. Mtu wa Temeke aliyekuwa anapandisha kava za Urafiki Jazz kila Jumapili alinyamaza tu, na hakuna aliyeandika habari yake.

Kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Lakini somo lilikwishaingia: anayeonekana kuwa mwenye jukwaa ndiye anayetafutwa. Lilikuwa limeanza kuingia hata kabla. Desemba 2016 mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa, na miongoni mwa mashtaka lilikuwamo la kuendesha tovuti ambayo anwani yake haikusajiliwa Tanzania, yaani isiyoishia na .tz. Sasa rudi kwenye wazo la vijana wetu. Seva ya kundi ingehitaji anwani. Anwani inasajiliwa kwa jina la mtu. Seva inalipiwa kila mwezi kwa dola, kwa kadi ya benki ya mtu. Na mtu huyo angekuwa mwenyeji wa maneno ya wote, pamoja na yule mwanachama wetu anayechanganya mashairi ya Sikinde na siasa kila ikifika saa nne usiku.

Ongeza suala la hakimiliki. Ndani ya WhatsApp, wimbo wa mwaka 1981 unapita kutoka simu hadi simu kama kaseti ilivyopita mkono kwa mkono. Ukiweka mkusanyiko huo kwenye seva iliyo wazi kwa dunia nzima, umekuwa mchapishaji, na mwenye haki au familia yake ana kila sababu ya kukuuliza. Kama mwandishi wa habari siwezi kusema swali lao ni baya. Nasema tu kwamba litamwangukia mtu mmoja.

Vijana wanaojua mambo haya watasema: basi msiwe na seva yenu, ingieni kwenye seva ya watu wengine, huko Ujerumani au popote. Inawezekana. Ila hapo tumerudi kuwa wapangaji, tena kwa mwenye nyumba tusiyemjua na asiyekijua Kiswahili. Seva ya mastodon.lol ilifungwa mwaka 2023 kwa sababu mtu aliyekuwa akiiendesha alichoshwa na matusi na ugomvi wa watumiaji. Alitoa taarifa mapema, alikuwa mwungwana. Hata hivyo watu wake walilazimika kuhama. Programu inakuruhusu kuhama na wafuasi wako, lakini ulichoandika hakihami nawe. Kwetu sisi, ulichoandika ndiyo mali yenyewe.

Halafu kuna bando. Hili wataalamu wa nje hulisahau. Mitandao yetu ya simu inauza vifurushi vya mitandao ya kijamii, na ndani yake kuna WhatsApp, Facebook, Instagram. Mastodon haimo. Mzee anayejiunga kwa shilingi mia tano haulizi ActivityPub ni nini, anauliza kwa nini nyimbo za kule zinamaliza MB zake na za huku hazimalizi. Pia WhatsApp inakubali ujumbe wa sauti, na kwa mtu wa miaka sabini mwenye macho mazito, ujumbe wa sauti ndiyo kalamu.

Haina maana kwamba nyumba hii ya kupanga ni salama. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Kuelekea uchaguzi wa Oktoba 2020, Twitter na WhatsApp zilibanwa hapa nchini. Oktoba 2023 TCRA ikawataka wanaotumia VPN wajisajili. Mei 2025 mtandao wa X ukafungiwa, na Septemba mwaka huo JamiiForums ikasimamishiwa leseni kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ikazimwa kwa siku kadhaa. Siku hizo hakukuwa na tofauti kati ya mwenye seva yake na mpangaji. Wote tulikaa gizani, na wazee wakarudi kwenye kaseti zao.

Hata siku za kawaida, WhatsApp inatula polepole. King Kiki alipofariki Novemba 2024, kundi letu halikulala. Watu waliomfahamu walirekodi ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine: alivyofika kutoka Kongo, alivyopanda jukwaani, nani alipiga naye wapi. Ilikuwa historia ya dansi la Dar es Salaam ikisimuliwa bila mpangilio, na ilikuwa nzuri kuliko makala yoyote ya gazeti iliyotoka wiki ile, yangu ikiwemo. Miezi michache baadaye nilitaka kusikiliza tena ujumbe wa mmoja wa wazee hao. Simu yangu ilikuwa imeshafuta kwa kujaa. Wa jirani alikuwa amebadili simu. Mwenyewe aliyeutuma alikuwa mgonjwa na hakukumbuka alichosema. Tuliupata hatimaye kwa mwanachama mmoja aliyeko Muscat ambaye huwa hafuti kitu. Ungekuwa umepotea kwa kukosa tu mtu mwenye tabia hiyo.

Kwa hiyo kusita kwetu kuna bei, na tunailipa kwa sauti za watu ambao hawatarudia kusema. Hilo ndilo linalonizuia kumaliza kwa kusema tu kwamba wazee wana busara. Wana busara, ndiyo. Wanamuziki wa 1964 nao walikuwa na busara kukubali vyombo vya chama cha wafanyakazi, na tusingekuwa na nyimbo hizi kama wangekataa. Lakini taasisi zilipoishiwa au kupoteza hamu, bendi nyingi zilibaki mikono mitupu, kwa sababu desturi ya kuchangishana ilikuwa imeshakufa kwa kutotumika.

Nadhani watu wanaotuhimiza tuhamie mitandao isiyo na mwenye mmoja wanaanzia pasipo. Wanatuonyesha programu. Kinachokosekana ni chama: mweka hazina, daftari la michango, jina la usajili ambalo si la mtu mmoja, na makubaliano ya nani anajibu barua ikija. Hivyo tunaviweza. Tunavifanya kwenye vikoba, kwenye misiba, kwenye harusi, mtaa mzima. Bado hatujavifanya kwa ajili ya kumbukumbu, labda kwa sababu kumbukumbu haigawi faida mwisho wa mwaka.

Kwa sasa kundi letu limefika hapa: tumechanga, tukanunua diski tatu. Moja iko Kimanga, moja Temeke, moja Kinondoni, kila moja kwa mtu tofauti, na zote zina vitu vile vile. Kila miezi mitatu watu hao watatu wanakutana na kuongeza vilivyopatikana: kaseti zilizohamishwa, picha, na ujumbe wa sauti wa wazee, kila mmoja umeandikwa jina la msemaji na tarehe. Haziko mtandaoni. Mwanafunzi akizihitaji anapiga simu, anakwenda na flashi yake, anakunywa chai.

Mwezi uliopita diski ya Temeke ilianza kutoa mlio. Tumekubaliana kununua nyingine, na michango imeanza kuingia. Mzee wa Msondo alikuwa wa kwanza kutuma, elfu kumi, na chini yake akauliza kama risiti itaandikwa jina la kundi.